Maswali ya Ufundi: Sauti Itokayo Chini ya Guta

Tumeletewa swali na mwalimu mmoja wa upande wa Mkalama, nasi twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote, maana nyumba nyingi katika mkoa wetu wa Singida zina shauri kama lake. Yeye na nduguze wawili walichanga fedha wakanunua guta lililokwisha kutumika, yaani pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku la mizigo nyuma, ili wachukulie alizeti na vitunguu, na mapato yalipe ada za watoto. Baada ya mavuno mawili guta likaanza kulia. Akitia gia na kuachia klachi husikia "ko!" chini ya sanduku, na akienda upesi kidogo chombo chote hutetemeka hata miguu ikafa ganzi. Fundi aliyeonyeshwa alisikiliza kitambo kifupi, akasema giaboksi imekwisha, hapana budi injini ipasuliwe. Bei aliyoitaja yakaribia mapato ya mavuno mazima. Mwalimu atuuliza: Je, nikubali?

Twamjibu: Usikubali bado. Hatusemi kwamba fundi yule ni mwongo. Twasema tu kwamba sauti ya chuma haikai mahali ilipozaliwa. Fremu ya guta ni kama bomba refu: jambo likilia nyuma kwenye ekseli, dereva hulisikia chini ya kiti chake, karibu na injini, naye huapa kwamba ni injini. Kwa hiyo mtu asihukumu kwa sikio peke yake. Yako majaribio machache yasiyohitaji ila mawe mawili, kitambaa, na nusu siku ya subira, nayo yapasa yafanywe kabla spana haijagusa injini.

Yafaa kwanza kujua nguvu yapita njia gani. Pikipiki nyingi zichukuazo abiria hupeleka nguvu kwa mnyororo, na mnyororo ukilegea kila mtu huuona. Guta ni namna nyingine. Nguvu hutoka katika injini, hupita klachi na giaboksi, kisha huingia katika shafti, yaani ile fimbo nene ya chuma izungukayo chini ya sanduku, ambayo mafundi wengi huiita propela. Shafti hufika kwenye difu, pale ekseli ya nyuma ilipovimba kama boga, na humo meno huigeuza nguvu iende kulia na kushoto, kwenye magurudumu mawili. Sasa, ekseli hupanda na kushuka juu ya springi zake kila guta lipitapo shimo. Basi shafti haiwezi kuwa fimbo moja iliyokaza. Ina viungo vyenye umbo la msalaba, viitwavyo krosi, na kila mkono wa msalaba umevikwa kikombe kilichojaa vijiti vyembamba kama sindano, ambavyo ndivyo beringi yake. Tena pana mahali ambapo kipande kimoja cha shafti huingia ndani ya kingine kwa meno marefu, kikiteleza mbele na nyuma, ili shafti ipate kurefuka na kufupika. Maguta hayafanani yote. Mengine yana krosi mbili, na mengine kiungo cha mbele ni cha mpira. Walakini desturi ya ugonjwa ni moja.

Jaribio la kwanza ni kuuliza: sauti yafuata injini, au yafuata magurudumu? Simamisha guta mahali pa sawa, toa gia, washa injini, ongeza moto polepole. Sauti ikisikika hapo hapo guta limesimama, basi ugonjwa u upande wa injini. Bana mkono wa klachi, na sauti ikibadilika au ikinyamaza, mtazame klachi na mti uingiao giaboksi. Lakini ikiwa hapo pana kimya, nenda penye mteremko mdogo mno usio na watu, guta likiwa tupu na breki zikiwa zimejaribiwa, uliache litembee bila gia, injini ikinguruma kidogo tu. Sauti ikija na mwendo, ikizidi kwa mwendo na kupungua kwa mwendo, ndipo ujue kwamba ugonjwa waelekea kuwa nyuma ya giaboksi. Twasema "waelekea", maana hata gia ikiwa imetolewa mti mmoja wa giaboksi huzidi kugeuka pamoja na shafti. Hata hivyo, huu ndio mgawanyo mkubwa, na wengi wangaliokoa fedha zao kwa jaribio hili peke yake.

Baada ya hayo sikiliza sauti ni ya namna gani. "Ko!" moja kila utiapo nguvu, na "ko!" nyingine kila uipunguzapo, ni alama ya nafasi: mahali fulani chuma chasafiri kidogo kabla ya kukutana na mwenzake. Mara nyingi ni krosi iliyolika, au yale meno ya kuteleza, au bolti za shafti zilizolegea, na bolti ndizo za kutazamwa kwanza kwa kuwa dawa yake ni spana tu. Mtetemo uzidio kwa mwendo, injini iwe na nguvu au isiwe, ni wa shafti yenyewe: imepinda, au krosi imechakaa, au matope yameganda upande mmoja. Sauti ya kuvuma, kama nyuki ndani ya mzinga, inayopanda wakati wa kuvuta mzigo na kubadilika uachiapo moto, hutoka katika meno ya difu au beringi za mti wake wa mbele. Na sauti itokeayo wakati wa kukata kona tu? Hapo gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na gia ndogo zilizomo ndani ya difu huanza kufanya kazi ambayo katika njia iliyonyoka hazina. Basi chunguza hizo, pamoja na beringi za magurudumu.

Ndipo uingie chini. Zima injini, uutoe ufunguo na kuutia mfukoni mwako mwenyewe, wala usimpe mtoto. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, toa gia. Wala mtu asilale kamwe chini ya guta injini ikiwaka ili "kuona sauti inakotoka"; shafti hukamata upindo wa nguo au kamba haraka kuliko mtu awezavyo kupiga kelele. Ishike shafti kwa mkono mmoja karibu na krosi ya nyuma, uizungushe kidogo huku na huku, ukitazama pande mbili za kiungo. Zapasa zigeuke pamoja kama mkono na kiwiko. Upande mmoja ukitangulia na wa pili ukifuata nyuma, hata kwa unene wa ukucha, krosi hiyo imekwisha. Kisha isukume juu na chini. Krosi nzima haina mchezo wowote wa juu na chini. Difu, kinyume chake, huwa na mchezo mdogo wa kuzunguka, nao ni wa haki yake, maana meno yakibanana bila nafasi huungua. Vikombe vya krosi vikiwa vimezungukwa na vumbi jekundu la kutu, ujue kwamba grisi ilikwisha zamani na zile sindano zinasagana kavu.

Huku kwetu krosi hufa kwa sababu mbili, nazo zote zaonekana kwa macho. Ya kwanza ni mizigo. Mtu hupakia magunia ya alizeti hata springi zikalala, na shafti iliyotengenezwa kufanya kazi katika pembe ndogo hulazimika kuzunguka ikiwa imepindishwa safari nzima, toka shambani hata kiwandani mjini Singida. Ya pili ni vumbi la kiangazi na tope la masika, mfano lile tope jeusi la mbuga ya Wembere, ambalo hukausha grisi na kuingia vikombeni. Krosi yenye kitundu cha kutilia grisi itiwe mpaka grisi ya zamani itoke katika vikombe vyote vinne. Ikitoka kwa viwili tu, viwili vilivyobaki havijapata kitu. Krosi isiyo na kitundu haina dawa ila kubadilishwa, na bei yake si ya kulinganishwa na kupasua injini.

Hapa twataka kukaza neno moja, maana limewatesa wengi. Fundi akiivuta shafti na kuitenganisha penye yale meno ya kuteleza, apasa kwanza kupiga alama ya rangi juu ya vipande vyote viwili, ili virudi kama vilivyokuwa. Uma za krosi za mbele na za nyuma zapasa kulala katika mstari mmoja. Zikikosana, hata kwa meno machache, shafti haitazunguka kwa mwendo ulio sawa. Itaharakisha na kukawia mara mbili katika kila mzunguko, na guta litatetemeka ingawa krosi ni mpya kabisa. Kisha watu husema, "Vifaa vya siku hizi ni vibovu," wakanunua krosi nyingine. Kifaa hakikuwa na kosa. Basi anayesema kwamba mtetemo ulianza baada ya matengenezo, na atazame uma kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Iko pia hali ya injini kunguruma na guta lisiende. Mwenzako akiangalia kwa mbali, pembeni, ukitia gia na kuachia klachi kwa upole, shafti yazunguka? Ikiwa haizunguki, ugonjwa u katika klachi au giaboksi. Anza na kamba ya klachi, ambayo ikikazwa mno huiacha klachi nusu wazi siku zote. Kisha uliza ni oili gani iliyotiwa injini, kwa kuwa klachi ya namna hii huoga katika oili ile ile, na oili nyingine za magari zina dawa ya utelezi iifanyayo kuteleza. Ikiwa shafti yazunguka lakini magurudumu hayaendi, nguvu yapotelea katika difu au katika mti mmoja wa ekseli uliokatika. Mti wa upande mmoja tu ukikatika, guta zima husimama, maana difu hupeleka mzunguko wote kule kusiko na kizuizi.

Oili ya difu nayo hutoa ushahidi. Ifungue ingali na joto la safari, uipokee katika chombo safi, uisugue kati ya vidole juani. Uji mwembamba wa kijivu kidogo ni uchakavu wa kawaida. Vipande ving'aavyo kama magamba ya samaki ni beringi au meno yanayomomonyoka. Kipande cha jino ni amri ya kusimama siku hiyo hiyo. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji, hasa kwa wavukao mito. Na kama oili yavuja mbele ya difu kila baada ya sili mpya, litafute lile tundu dogo la kupumulia juu ya ekseli. Likizibwa na tope, hewa iliyopata moto ndani haina mlango, nayo husukuma oili kupitia sili, hata ungebadilisha sili kumi.

Wako wasomaji wachache wenye pikipiki za kale za magurudumu mawili zenye shafti, hasa BMW. Ufundi huo ni wa zamani: kiwanda cha FN cha Ubelgiji kilikuwa nao mwaka 1905, na BMW iliuanza katika R32 ya mwaka 1923. Mwenye R80 G/S, iliyoanza kutolewa mwaka 1980, atumie majaribio haya haya, ila hana difu ya kugawa nguvu, kwa kuwa gurudumu la nyuma ni moja. Yeye atazame zaidi meno ya mti uingiao giaboksi toka klachi. Meno hayo hutaka grisi kidogo, na yakikauka gia huwa ngumu kuingia, na watu huilaumu giaboksi bure.

Mtu atauliza: Kama guta lingali likienda, kwa nini nisimalize mavuno kwanza? Kwa ajili ya vilima. Dereva ateremkaye Sekenke na mzigo hutumia gia ya chini ili injini isaidie breki. Krosi ikikatika hapo, injini haishiki tena kitu. Mzigo wote huzisukuma breki peke yake, na shafti iliyochomoka mbele yaweza kuchimba barabara na kuliinua guta. Tena mtu aliyezoea kuegesha mlimani kwa kutia gia tu, akumbuke kwamba gia hulishika guta kwa kupitia krosi zile zile. Jiwe nyuma ya gurudumu halina krosi.

Basi kwa mwalimu wetu: "ko!" wakati wa kuachia klachi, pamoja na mtetemo uzidio kwa mwendo, ni alama mbili zielekeazo shafti, wala si giaboksi. Akaze bolti kwanza, kisha apime krosi ya nyuma kwa mkono, kisha atazame kama uma zimelingana, kwa kuwa guta lilinunuliwa likiwa limetumika na hajui nani alilifungua kabla yake. Akimwita fundi tena, asimwambie "tengeneza giaboksi". Amwambie, "Nionyeshe mchezo uko wapi," naye ashike shafti kwa mkono wake mwenyewe. Kisha atuandikie alichokiona, na hasa rangi ya vumbi lililo kwenye vikombe.