Homa Baada ya Sindano

Akina mama wenzetu, wengi wetu tuliona mtoto akichemka baada ya chanjo ya malaria, tukaogopa kurudi kliniki. Chanjo ya RTS,S, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, ina mafuta yaliyoungana na sukari, yaliyotolewa kwenye ganda la bakteria na kupunguzwa sumu. Askari wa mwili, tuliozaliwa nao, huyaona kama alama ya adui na kuamka. Joto nalo huweza kupanda. (Ajabu ya Muumba: askari hao hawakufundishwa na mtu!) Siku hizi wanakemia huyaunda wenyewe maabara, wakichagua urefu wa mikia yake ili yaamshe bila kudhuru. Homa ikizidi, mtoto apimwe, huenda ni malaria yenyewe. Lakini dozi ya nne tusiiache.