Kodi ya Nyumba Si Pesa Iliyotupwa

Karibu kaya tisa kati ya kumi katika Kaunti ya Nairobi zinaishi kwenye nyumba za kupanga. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti hiyo na watu 4,397,073, na wengi wao wanajua maana ya kutafuta kodi kabla ya tarehe tano ya mwezi. Pamoja na hayo, ni imani chache zilizoota mizizi jijini kama ile isemayo kwamba kulipa kodi ni kutupa pesa. Mpangaji, kwa mujibu wa imani hiyo, anamjengea mtu mwingine ghorofa. Mwenye akili hununua ploti, akajenga, akahama. Maneno haya husikika kwenye vikao vya chama, kwenye harusi, na zaidi ya yote vinywani mwa wauza ploti. Si ya kweli. Yameziingiza familia nyingi kwenye madeni yasiyo ya lazima, na yameipa serikali sababu ya kuwapuuza wapangaji, yaani karibu jiji zima.

Kodi humnunulia mpangaji makazi ya mwezi mmoja, na papo hapo humwondolea mizigo mingi: paa linalovuja, pampu ya maji iliyoungua, ada za ardhi za kaunti, mkopo wa ujenzi, na miezi ambayo nyumba inakaa tupu. Hiyo yote hubaki kwa mwenye nyumba. Chukua mfano wa fleti ya vyumba viwili vya kulala mtaani Kilimani inayouzwa shilingi milioni 10 na kupangishwa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mnunuzi mwenye milioni moja ya kuanzia atakopa milioni tisa. Kwa riba ya asilimia 14 na muda wa miaka 20, atailipa benki takribani shilingi 112,000 kila mwezi. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, shilingi 105,000 ni riba tupu. Deni lenyewe hupungua kwa shilingi 7,000 hivi. Riba hairudi. Kama kodi ya 60,000 imetupwa, basi riba ya 105,000 imetupwa zaidi, na hapo mnunuzi hajalipa ada ya matunzo ya jengo wala hajarekebisha bomba hata moja.

Wanaotetea ununuzi hujibu kwamba kodi hupanda ilhali malipo ya mkopo husimama palepale. Nusu ya jibu hilo ni kweli. Kodi hupanda, lakini hata ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, ile ya 60,000 itachukua karibu miaka 13 kufikia 112,000, na katika miaka hiyo yote tofauti ingeweza kukaa kwenye sacco au kwenye hatifungani za serikali. Malipo ya mkopo nayo hayasimami. Mikopo mingi ya nyumba nchini hufuata riba ya soko: Benki Kuu ilipopandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 mwezi Februari 2024, waliokuwa na mikopo ya namna hiyo waliona malipo yakipanda. Husemwa pia kwamba bei ya nyumba hupanda daima. Kilimani na Kileleshwa zinatosha kuonyesha vinginevyo. Ghorofa zilijengwa nyingi mno kwa mkupuo, bei zikakwama, na wenye fleti wakaanza kugombania wapangaji au kuzitia samani ili kupangisha kwa siku kwa wageni.

Mkopo wa nyumba, hata hivyo, ni habari ya wachache. Kenya nzima ina mikopo hiyo takribani 30,000 tu. Kwa mfanyakazi wa kawaida, imani hii hujitokeza kwa sura ya ploti: robo eka au chini yake, Joska, Kamulu, Kitengela au Juja, iliyolipiwa kwa mkopo wa sacco unaokatwa kwenye mshahara. Wakati mkopo unakatwa, kodi ya mjini inaendelea kulipwa, kwa hiyo familia hubeba mizigo miwili. Nyumba ikishaezekwa, watu huhama kabla haijapigwa lipu, na nauli huchukua nafasi ya kodi. Anayelipa shilingi 150 kwenda na 150 kurudi, siku 22 za kazi, hutumia 6,600 kwa mwezi. Fedha hizo zinatosha singo, yaani chumba kimoja cha kupanga, mtaani Pipeline, na hapo saa za foleni ya Mombasa Road au Kangundo Road hazijahesabiwa. Wanaoamka saa kumi usiku ni wazazi, na watoto huwaona kwa nuru ya taa tu.

Kisha kuna hati. Mwezi Oktoba 2023, matingatinga yalibomoa nyumba eneo la Mavoko, katika Kaunti ya Machakos inayopakana na Nairobi, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ile ni ya kiwanda cha saruji. Wengi wa waliobomolewa walikuwa wamenunua ploti, wakapewa karatasi, wakajenga nyumba za mawe kwa akiba ya maisha yao. Waliambiwa, kama wengine wote, kwamba wanaacha kutupa pesa.

Hakuna anayesema kwamba kumiliki nyumba ni kosa. Aliyerithi ardhi yenye hati safi, au aliye na pesa taslimu na anakaribia kustaafu, ana sababu nzuri ya kujenga. Wala haisemwi kwamba wapangaji wa Nairobi wanapata thamani ya fedha zao. Watafiti Sumila Gulyani na Debabrata Talukdar walionyesha katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2008 kwamba vyumba vya mitaa ya mabanda jijini vilikuwa vya hali duni na bado kodi yake ilikuwa juu, na kwamba wakazi wengi mno wa mitaa hiyo walikuwa wapangaji. Malalamiko ya mpangaji ni ya haki. Kosa liko kwenye dawa anayoandikiwa.

Pipeline, upande wa Embakasi, inaeleza jambo hili vizuri kuliko mitaa mingine. Majengo ya ghorofa saba, nane na zaidi yamesimama ukuta kwa ukuta. Ndani kuna korido moja ya katikati, vyumba vya futi kumi kwa kumi pande zote mbili, choo na bafu vya kuchangia mwisho wa korido. Katika vyumba vingi taa huwashwa saa sita mchana. Maji yakija, mitungi hupangwa foleni hadi kwenye ngazi. Yasipokuja, hununuliwa kwa mkokoteni. Kodi ikichelewa, keyateka, yaani msimamizi wa jengo, hupita na kufuli. Chumba cha aina hii kikipigiwa hesabu kwa futi moja ya mraba, mpangaji wake si mbali na yule wa fleti yenye lifti na bustani. Tena fleti mpya za Kilimani hazimpunguzii chochote. Aliye singo akiongezewa mshahara kidogo huhamia bedsita ya Zimmerman au Kahawa West. Hafiki Kilimani, na fleti iliyo tupu kule haimwachii nafasi huku. Jiji lina masoko kadhaa ya nyumba yasiyogusana, na soko la chini, lenye watu wengi kuliko yote, ndilo lisilosimamiwa kabisa. Jengo la Huruma lililoanguka Aprili 2016 na kuua watu karibu 50 lilikuwa la kupangisha vyumba vya namna hii.

Serikali nayo imeshikilia imani ileile kwa miaka mingi. Wakati wa ukoloni, Mwafrika alihesabiwa mgeni wa muda mjini: alipewa chumba mtaani Kaloleni mradi ana kazi, na kwao kulikuwa shambani. Baada ya uhuru, fikra iligeuka kuelekea upande mwingine, kwamba kila mkazi afanywe mwenye nyumba. Dandora ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia ili watu wa kipato cha chini wapewe viwanja na kujijengea. Waliopewa viwanja walijenga vyumba na kuvipangisha, na leo Dandora ni mtaa wa wapangaji. Nyumba za Nyayo Highrise, kando ya Kibera, zilikusudiwa wakazi wa mabanda zikaishia kwa watu wa kipato cha kati. Somo lilikuwa wazi, na halikusomwa. Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho, ili zijengwe nyumba ambazo kwa sehemu kubwa zitauzwa. Mpangaji wa Pipeline anachangia nyumba ambayo pengine hataimudu, huku chumba anachoishi hakikaguliwi na yeyote.

Inapokuja kukusanya ushuru, serikali haioni kodi ya nyumba kuwa pesa iliyotupwa. Tangu 2016 imetoza mapato ya wenye nyumba wadogo na wa kati asilimia 10, ikashusha hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Upande wa ulinzi ndio uliosahaulika. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo chake ni kodi ya tarehe 1 Januari 1981. Singo nyingi za Pipeline zimeshapita ukomo huo. Muuza duka wa ghorofa ya chini analindwa na Sura ya 301: akiwa hana mkataba wa maandishi, mwenye jengo lazima ampe notisi ya miezi miwili, naye anaweza kupinga mbele ya baraza la wapangaji wa biashara. Familia inayoishi juu ya duka hilo haina kinga ya aina hiyo. Mswada wa 2021 uliotaka kuunganisha sheria hizi na kuondoa pengo hilo haukuwa sheria.

Wapangaji wa Nairobi hawahitaji kuambiwa tena wanunue ploti. Wanahitaji notisi ya maandishi kabla ya kodi kupandishwa, dipoziti inayorudishwa, kufuli la keyateka kupigwa marufuku kikweli, na mkaguzi anayeingia kwenye korido. Mahali pa kuanzia ni Bungeni, kwa kuufuta ukomo wa shilingi 2,500.