Kisu cha kukunja: chenye meno ao kisicho na meno?



Juma hili tunazungumzia kitu kidogo ambacho wengi wetu tunakibeba ndani ya kikapu: kisu cha kukunja. Katika vikundi vyetu swali linarudi: tukienda kununua, tuchukue kile chenye meno kama msumeno, ao kile cha kawaida? Wauzaji wanatuambia kwamba cha meno ni bora kwa sababu hakinolewi. Tulipime neno hilo, maana feza ya nyumba haiokotwi njiani.

Kwanza, namna vinavyokata. Kisu cha kawaida kina makali yaliyonyooka. Ukikisukuma kinapita sawasawa na kuacha mahali pa laini. Ndiyo maana ni kizuri kwa kumenya muhogo, viazi na ndizi, kukata lengalenga na vitunguu, kupasua samaki na kutoa matumbo yake.

Kisu cha meno kinataka kuvutwa, kwenda na kurudi. Ncha za meno zinashika kitu kigumu ao chenye nyuzi, kisha mabonde yaliyo katikati yanamaliza kazi. Kwa kamba ya katani, kamba ya nailoni, gunia, ao mkate wenye ganda gumu, hapo kinashinda. Lakini ukimenya viazi nacho, ganda linatoka nene na chakula cha watoto kinakwenda pamoja na maganda. Nyama ya samaki nayo kinaichanachana.

Sasa, ni kweli kwamba hakinolewi? Ni kweli nusu. Mabonde yake hayagusi ubao, kwa hiyo kinakaa siku nyingi kikikata. Lakini siku moja kitachoka kama kingine, na hapo ndipo taabu inaanza. Ukikisugua juu ya jiwe bapa, unakula meno yenyewe. Kinataka tupa ndogo ya mviringo, upitishe bonde moja moja, upande ule tu wenye mwinamo. Nani kati yetu ana tupa ya namna hiyo nyumbani? Wengi wanakitupa na kununua kingine.

Kisu cha kawaida kinanolewa na kila mama. Jiwe la kunolea linatosha. Kama halipo, geuza kikombe cha udongo: ile duara ya chini yenye kukwaruza inanoa vizuri. Jambo kubwa ni mwinamo. Chukua kona ya karatasi, ikunje katikati, kisha ikunje tena katikati. Kona nyembamba inayobaki ndiyo kipimo: inamisha kisu namna hiyo, pitisha upande mmoja mara kadhaa, kisha upande wa pili mara zile zile. Maji kidogo juu ya jiwe yanasaidia.

Tusiogope kisu kikali kuliko kisu butu. Kisu butu kinadai nguvu, na penye nguvu mkono unateleza. Jeraha la kisu cha meno mara nyingi linachanika kingo zake, na linaweza kuchelewa kupona. Kwa kisu chochote, mtu akijikata, osha kwa maji safi na sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu isimame. Jeraha likiwa refu ndani ao damu ikikataa kusimama, nendeni kituo cha afya bila kuchelewa, na ulizeni pia juu ya chanjo ya pepopunda. Na kisu cha kikapuni, hata kikioshwa, kisikate kamwe kitovu cha mtoto mchanga. Pepopunda inaweza kumwingia kwa njia hiyo.

Viko pia visu vya kuchanganya: meno karibu na mpini, makali ya kawaida kuelekea ncha. Ni vizuri kwa mama anayekata kamba asubuhi na kumenya muhogo jioni. Lakini kisu kikiwa kifupi, kila sehemu inabaki ndogo na hakuna inayotosha.

Basi, shauri letu ni hili. Mama anayefungua magunia na kukata kamba siku nzima sokoni, achukue cha meno. Mama wa jikoni na shamba, achukue cha kawaida. Na mwenye feza ya kisu kimoja tu, achukue cha kawaida, kwa sababu anaweza kukirudishia makali yeye mwenyewe.

Kabla ya kulipa, kifungue na kukifunga mara kadhaa. Kikicheza kwenye msumari wake, kiache. Kama kina kifungio, kandamiza mgongo wa kisu kwenye ubao uone kama kinakubali kujikunja. Kikikubali, kitakukata vidole. Weka mkono mbali na njia ya makali unapojaribu. Nyumbani, osha hata ndani ya mpini, maana uchafu wa samaki unajificha huko, kikaushe, na kukihifadhi kimefungwa, mahali watoto hawafikii.

Kwa mkutano ujao, kila mama aje na kisu chake, kimefungwa ndani ya kitambaa. Kikundi kikinunua jiwe moja na tupa moja kwa kasa ya wote, visu vingi tulivyotaka kutupa vitarudi jikoni.

Mubaki salama mpaka juma lijalo.