Jua Halizami Ziwani Bukoba

Jua halizami ziwani Bukoba. Mji wetu uko ukingo wa magharibi wa Ziwa Victoria, kwa hiyo jua linachomoza majini, upande wa kisiwa cha Musira, na linazama nyuma ya vilima, kule migombani. Mtoto wa darasa la pili wa hapa anajua hilo. Lakini mwezi uliopita nimeona mtandaoni picha ya binti amesimama ufukweni kwetu, gauni jekundu, nywele zinapepea, na nyuma yake jua kubwa la rangi ya chungwa linadidimia ndani ya ziwa. Chini imeandikwa: machweo ya Bukoba. Watu mia nne wameweka alama ya moyo.

Kama ingekuwa macheo yameitwa machweo, ningenyamaza. Mtu anaweza kuchanganya. Lakini binti mwenyewe alinieleza: walipiga saa nne asubuhi, mawingu yametanda. Jua lilibandikwa baadaye kwenye simu. Ni jua la wapi, Mungu anajua.

Nasema kwa hasira, na hasira yenyewe inanihusu, maana na mimi ni fundi wa kazi hiyo hiyo. Napiga picha za mamodo, Bukoba mjini na Muleba, mwaka wa sita sasa. Najua mchezo wote. Binti anakuja na begi la nguo tatu na shoga yake wa kushika kioo. Tunazunguka mtaani kutafuta ukuta wenye rangi, ngazi, geti la chuma, kibaraza cha duka la zamani la Wahindi. Nafunga lenzi ya milimita 85, nafungua tundu hadi f/1.8, na macho ya binti yanakaa makali kama sindano huku kila kitu nyuma yake kinayeyuka. Mama muuza ndizi anakuwa doa la kijani. Bodaboda zinakuwa maduara ya mwanga. Kibao cha duka hakisomeki tena. Halafu tunasifiana: kaka, hii ni ya kimataifa! Maana ya "kimataifa" hapo ni kwamba haijulikani imepigwa wapi.

Nyie wasomaji wa riwaya mtanielewa haraka. Chukua Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Mtoe Rosa Ukerewe, ufute kijiji cha Namagondo, ziwa na nyumba ya baba yake, umwache amesimama mbele ya ukungu wa rangi. Anabaki nani? Sura tu. Mhakiki yeyote angeuliza mandhari yako wapi. Kwa nini picha tuisamehe?

Mtu atasema, kwani kuna ubaya gani, ni urembo tu. Ubaya upo, na kwetu Kagera ni mkubwa kuliko kwingine. Hebu fikiri dunia imeuona mkoa huu kwa picha zipi. Vita vya 1978: daraja la Kyaka limevunjwa. Mwaka 1996: MV Bukoba imepinduka, tumbo juu. Septemba 10, 2016: tetemeko, kuta zimepasuka, shule za Ihungo na Nyakato zimebomoka. Novemba 2022: mkia wa ndege umechomoza juu ya maji, hatua chache kutoka uwanjani. Sisi tunapigwa picha tukiwa na msiba. Mwandishi anakuja, anapiga, anaondoka, na mji unabaki kwenye kumbukumbu ya watu kama jeneza.

Sasa, kwa mara ya kwanza, kamera ziko mikononi mwa vijana wa hapa, kila siku, bila msiba wowote. Na kitu cha kwanza tunachofanya nazo ni kuufuta mji! Atakayeitafuta Bukoba miaka hamsini ijayo ataikuta maiti, au hataikuta kabisa.

Najua wapo watakaofurahi kunisikia nikisema hivi, wakidhani nawasema mamodo. Wasifurahi, siko upande wao. Kuna wazee, na hata wasomi wetu, akina nshomile, ambao wakimwona binti anapiga pozi barabarani wanatema mate na kusema malezi yamekwisha. Wakumbuke mkoa huu ulimfanya nini msichana aliyependeza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na watu, kabla hawajajua ni kitu gani, waliuita Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Yaani ugonjwa ulipewa jina la vazi. Dada wa Kihaya akivaa vizuri na kusimama barabarani alikuwa ameshahukumiwa. Kwa hiyo binti wa Muleba anayesimama stendi mchana kweupe, suruali inang'aa, shangazi zake wanamtazama, anafanya jambo linalotaka moyo. Mimi namheshimu. Ndiyo maana sitaki tumhamishe. Ujasiri wake ni kwamba amesimama pale. Ukiifuta stendi umemnyang'anya ujasiri wenyewe, umemwachia suruali.

Wala pozi si uongo. Seydou Keïta wa Bamako aliwaazima wateja wake saa, redio, hata aliwapiga wameegemea Vespa, na nyuma yao alitundika kitambaa cha maua. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Malick Sidibé, mji huo huo, aliwapiga vijana wa miaka ya 60 na nguo zao za dansi. Walijipamba, walijigamba, na bado ukitazama mshono, kiatu na kitambaa unajua hawa ni watu wa mahali fulani, wa wakati fulani. Ila kuna onyo humo: mwaka 1991 picha za Keïta zilitundikwa kwenye maonyesho New York bila jina lake, na wengi wa watu waliokaa mbele ya kamera yake hatujui majina yao mpaka leo. Jina likishapotea kulirudisha ni kazi.

Na ngozi? Hapa sina hata upole. Zamani filamu za rangi zilipimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, ndiyo maana weusi tulitoka kama masizi. Lile lilikuwa kosa la kiwanda. La leo tunalifanya wenyewe, kwa kidole, kwenye filta: binti mweusi mzuri anaingia, anatoka rangi ya maandazi mabichi. Akikutana na mama yake sokoni na picha hiyo mkononi, mama atauliza huyu ni nani.

Nilisema hasira inanihusu. Mwaka juzi, mtaa mmoja wa Bukoba, niliona ukuta wenye ufa mrefu kutoka dirishani mpaka chini, plasta imebanduka vizuri sana. Nikamsimamisha modo pale. Tukapiga nusu saa. Akatoka bibi mwenye nyumba. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Mnapiga picha binti au ufa?" Nikamwambia vyote, bibi, ukuta wako ni mzuri. Akanitazama. Akasema, "Ufa huo ni wa tetemeko. Mwaka ule nilipozunguka kuomba saruji, hakuna aliyeniambia ni mzuri." Akarudi ndani.

Nami nikafanya nini? Nikaenda nyumbani, nikakata mlango wake utoke kwenye fremu, nikaongeza giza kwenye ufa ili uonekane zaidi, nikaandika chini neno moja la Kiingereza lenye maana ya mtaa. Picha ilipendwa kuliko zote nilizowahi kuweka. Siku ile saa tisa na dakika 27 alasiri ardhi ilitikisika na watu wakafa katika mji huu, na mimi nimeigeuza kuwa nakshi. Sijamlaumu mtu mwingine.

Wenzangu watasema: mteja ndiye anataka hivyo. Mteja anataka tulichomfundisha kwamba ni kizuri. Mwaka huu nilijaribu kitu. Muleba, kando ya barabara kuu, nilimpiga binti mmoja mara mbili, mahali pale pale. Ya kwanza kwa f/1.8, ukungu mtupu. Ya pili nilifunga tundu hadi f/8: nyuma yake yakaonekana magunia, fuso limebeba ndizi, kijana wa bodaboda anacheka, migomba inapanda kilima. Mwanga wala haukuwa shida. Bukoba na jirani zake mvua haziishi, takriban milimita 2,000 kwa mwaka pale mjini, na mawingu yetu yanalainisha mwanga bure, kazi ambayo studio inainunulia mwavuli na taa. Nikamwonyesha zote mbili. Akachagua ya pili. "Hii nikimtumia mama ataamini sijatorokea Dar," akasema. Tukacheka, lakini alikuwa ameeleza hoja yangu yote kuliko mimi.

Basi ninachodai ni hiki. Katika kila pindi la picha, angalau moja iuache mtaa uonekane. Andikeni jina la mahali, la kweli: Kashai ni Kashai, Kamachumu ni Kamachumu. Andikeni jina la modo kama ameridhia, na kama mnaingiza hela kwa sura yake, mlipeni. Kumwambia "utapata picha" si malipo. Ukuta una mwenyewe, bisheni hodi. Na ngozi iacheni kama mlivyoikuta.

Nilirudi kwa yule bibi. Safari hii nilimwomba yeye akae mlangoni, modo asimame pembeni, ufa ukiwa pale pale ulipo. Alikataa. Alisema nguo ile ilikuwa ya shambani, nije Jumapili baada ya misa, atakuwa amevaa. Nikaenda. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba, na yeye ndiye aliyechagua pozi.