Ufadhili wa Masomo kwa Rangi: Dawa ya Deni ni Kulipa

Leo tunaweka pembeni singo na hina, tunazungumza elimu. Wapo miongoni mwetu wanaotafutia mabinti zao nafasi za vyuo Marekani, na huko kuna suala lililotugonganisha vichwa: je, ni haki kumpa mtu ufadhili wa masomo kwa sababu ya rangi yake?

Marekani ina vyuo takriban 100 vinavyotambuliwa kisheria kuwa vya kihistoria vya watu weusi. Vilianzishwa kabla ya 1964, kwa sababu kwengine milango ilifungwa. Spelman, chuo cha wanawake Atlanta, kilianza 1881 chini ya kanisa na wanafunzi 11. Autherine Lucy, binti mweusi, alipoingia Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 1956, alisoma siku tatu tu. Watu walifanya fujo, na aliyetolewa chuoni ni yeye.

Sasa sikilizeni kisa. Katika jimbo hilo hilo la Alabama, mwaka 1995 jaji aliamuru vyuo viwili vya serikali vya watu weusi, Alabama State na Alabama A&M, vipewe pesa za ufadhili ili kuvutia wanafunzi wa rangi nyengine. Kwa Alabama State ikawa ni ufadhili wa wazungu. Nia ilikuwa kuvunja mabaki ya ubaguzi, wanafunzi wachanganyike. Mwanafunzi mweusi wa hapo hapo alikwenda mahakamani kuupinga, na sisi tunamuelewa.

Tuseme nyumbani kuna watoto wawili. Kwa miaka, mmoja analetewa sinia la pilau, mwengine anaachiwa ukoko. Siku mama anapotaka kurekebisha, anamwambia yule wa pilau: njoo ule kwa mwenzako, nitakuongezea na nyama. Watakaa pamoja, kweli. Lakini nani kalipwa haki yake?

Wapo wanaosema rangi ni rangi: kama ni kosa kumpendelea mzungu, basi ni kosa pia kumsaidia mweusi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mtoto wa kizungu wa fundi maskini hakumfukuza Autherine Lucy, na binti wa daktari mweusi tajiri hahitaji kulipiwa ada. Lakini kuna tofauti baina ya upendeleo na deni. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliwaandikia magavana wa majimbo 16, Alabama ikiwemo, kuwa vyuo vyao vya ardhi vya watu weusi vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miaka 30, vikilinganishwa na vyuo vyao vya ardhi vya wazungu. Hayo si mambo ya enzi za utumwa. Ni ya juzi tu.

Kwa hiyo tunaona hivi. Aliyepunjwa ni chuo, basi kilipwe chuo: maabara, walimu, mabweni, masomo mapya. Chuo kikiwa kizuri, wa rangi zote watakifuata wenyewe bila kuhongwa. Ufadhili wa mwanafunzi mmoja mmoja utazame uhitaji na juhudi. Mwaka 2008 Joshua Packwood, kijana wa kizungu, alikuwa wa kwanza katika darasa lake Morehouse, chuo cha wanaume weusi Atlanta, naye alisoma kwa ufadhili kamili. Hatuoni kosa hapo, kwa sababu aliipata kwa kushindana na wenzake. Kosa ni mlango uliofungwa kabla ya cheti kutazamwa.

Na yule mtoto wa fundi? Kipimo cha uhitaji kinampa nafasi sawa na jirani yake mweusi aliye maskini kama yeye. Hapo ndipo haki inapokaa sawa kwenye mizani.

Wala tusijione tuko mbali. Mara ngapi nafasi ya masomo imekwenda kwa mtoto wa fulani, huku aliyeshinda mtihani kabaki nyumbani? Au imekwenda kwa kaka, dada akaambiwa asubiri mume? Mama na bi harusi wetu, mkiwa na watoto wawili mbele yenu, hakikisheni hakuna anayebaki na ukoko.

Wewe shoga unaonaje?