Mtandao wa Nyumbani Ukienda Polepole



Katika baadhi ya jamaa za Bunia mtandao wa nyumbani si anasa tena. Kwa njia hiyo mwanafunzi humpelekea profesa kazi yake, na mama huuona uso wa ndugu aliyehamia mbali kwa sababu ya vita. Basi mtandao ukilegea, lawama huanza: baba humshutumu mtoto, mtoto humshutumu jirani, na wote pamoja huilaumu kampuni. Halafu hutolewa fedha ya kulipia mtandao wa bei kubwa zaidi, na kesho yake ugonjwa ni ule ule. Sisi twashauri hivi: kabla ya kumshitaki mtu au kutoa fedha, tafuteni kwanza ugonjwa uko wapi.

Kwanza, jueni mlicholipia. Kampuni huuza mwendo kwa megabiti, lakini mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Aliyelipia megabiti 10 kwa sekunde hupata megabaiti 1 na robo tu. Faili ya megabaiti 75 itamchukua dakika nzima, wala hakuibiwa kitu.

Pili, fanyeni jaribio. Zimeni simu zote, unganisheni kompyuta moja na ruta kwa waya, kisha pimeni mwendo kwa programu ya kupimia. Fanyeni hivyo asubuhi na jioni kwa siku 3, mkiandika hesabu katika daftari. Halafu pimeni bila waya, karibu na ruta na katika chumba cha mwisho. Kama kwa waya mwendo ni mzuri na bila waya ni mbaya, ugonjwa umo nyumbani. Kama kwa waya pia ni mbaya, yaelekea ugonjwa uko nje.

Ugonjwa wa nyumbani mara nyingi hutibika bila fedha. Ruta isiwekwe sakafuni, wala nyuma ya kabati la chuma. Iwe juu, katikati ya nyumba. Ukuta wa matofali hupunguza mawimbi, na bati huyarudisha nyuma. Ruta nyingi zina mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahezi 5 yana mbio, lakini hudhoofika upesi ukutani. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, lakini hugongana na ya majirani. Kwa hayo chagueni njia ya 1, ya 6 au ya 11, maana hizo tatu haziingiliani. Angalieni pia simu zinazopeleka picha au kupokea programu mpya zenyewe, huku mwanafunzi akingojea.

Na jirani je? Ndani ya ruta mna orodha ya vyombo vyote vilivyounganishwa. Isomeni kwanza. Kama mna chombo cha mgeni, badilisheni neno la siri kwa utulivu. Kama hamna, basi mtoto wa watu amesingiziwa bure. Sisi wa Ituri twajua, tangu vita ya 1999, shaka kati ya majirani yaweza kuzaa nini.

Ugonjwa ukiwa nje, ipelekeeni kampuni daftari lenu. Mwenye kulipa anastahili kupewa alicholipia, na kudai haki kwa adabu si dhambi. Lakini pengine kosa liko mbali sana. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na mtandao ukalegea Kenya, Uganda na Tanzania. Siku kama hiyo ruta mpya haisaidii kitu, yafaa kungojea.

Basi wazazi, fundisheni watoto desturi hii ya kupima kabla ya kusema. Daftari moja na siku 3 za subira ni bei ndogo kuliko ruta mpya, tena ndogo sana kuliko ujirani uliovunjika.