Dereva Hakanyagi Mafuta Peke Yake



Tumerudi salama kutoka Dar es Salaam, tulikokwenda kwa shughuli za kichungaji, na tunawashukuru kwa sala zenu. Tulikusudia kuendelea na mada ya wiki iliyopita, lakini hatuwezi kuandika juu ya jambo jingine kabla ya kuwasimulia lililotupata njiani. Si ajali. Ni jambo dogo, tena la aibu kwetu. Basi lilikuwa limekwisha kutoka Arusha mjini na jua linaelekea kuzama. Katika tambarare ya kati ya Meserani na Makuyuni, ambako barabara imenyooka na jicho linaona mbali, kile kifaa cha kufuatilia mwendo kilichofungwa karibu na dereva kikaanza kulia. Kililia, kikanyamaza, kikalia tena. Abiria wakachoka nacho. Mmoja akapaza sauti: “Kaka, kizime hicho kidude, kinatuumiza kichwa!” Basi zima likacheka. Nasi, tuliokuwa tumeketi siti ya tatu nyuma ya dereva, tena tumevaa kola yetu shingoni, tukacheka pamoja nao.

Kicheko kile hakijatutoka moyoni tangu siku hiyo.

Wengi wenu mnakijua kifaa chenyewe kwa herufi tatu, VTS. Kilianza kufungwa katika mabasi ya masafa marefu mwaka 2017, enzi za SUMATRA, na sasa kinasimamiwa na LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Hutuma taarifa za mahali basi lilipo na mwendo wake hadi kwenye kompyuta za wasimamizi, na mwendo ukizidi kiwango kilichowekwa hupiga kelele ili watu wote ndani ya basi wasikie. Baadaye kikaongezewa kitufe cha kumtambulisha dereva, ijulikane ni nani hasa ameshika usukani. Mwaka 2023 Serikali iliporuhusu mabasi kusafiri saa 24, baada ya zuio la usiku lililodumu miaka mingi, kifaa hiki kilikuwa mojawapo ya sababu zilizowapa wasimamizi ujasiri. Tunasema hivyo ili msidhani tunakidharau. Ni kitu chema, na waliokibuni wametusaidia.

Lakini kifaa hiki kinapima mguu wa dereva tu. Sauti inayouharakisha mguu huo haikisikii. Simu ya tajiri anayedai hesabu ya siku haimo katika taarifa zake. Ratiba iliyopangwa na mtu aliyeketi ofisini, ambaye hajawahi kushuka mteremko wa Rhotia wakati wa mvua, haimo. Na kicheko cha abiria 50 akiwamo padre, hicho nacho hakimo.

Sisi watu wa Karatu hatuna ruhusa ya kulizungumza jambo hili kijuujuu. Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, asubuhi ya mvua, basi dogo aina ya Rosa lililokuwa likileta wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha, waje kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wenzao wa hapa Karatu, liliacha barabara pale Rhotia na kutumbukia katika korongo la Mto Marera. Walifariki watoto 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu wakatoka hai, wakapelekwa Marekani kutibiwa, nao wakarudi nyumbani mwaka huohuo. Siku mbili baadaye taifa lilikusanyika katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuwaaga marehemu, mbele ya majeneza yaliyopangwa kwa safu.

Kesho yake, tarehe 7 Mei, ilikuwa Dominika ya Nne ya Pasaka, ile tunayoiita Dominika ya Mchungaji Mwema. Mapadre wenzetu wanaosoma hapa watakumbuka Injili ya siku ile, ya kondoo wanaoitwa kila mmoja kwa jina lake. Tulikuwa bado padre kijana. Tulikuwa tumeandika mahubiri mazuri juu ya miito. Tuliyaacha sakristiani, tukapanda altareni mikono mitupu, na tukasema ambalo husemwa katika kila msiba wa namna hiyo: kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Leo tusingesema hivyo. Kazi ya Mungu haina makosa, ni kweli. Lakini tairi lililoisha si kazi ya Mungu, wala breki zisizokaguliwa, wala abiria waliozidi viti. Hatumhukumu marehemu yeyote wa siku ile. Tunajihukumu sisi tunaolitumia Jina takatifu kama blanketi la kufunika uzembe wa wanadamu, kisha tukarudi nyumbani tumefarijika na tusibadilishe kitu. Mungu wa Biblia hazungumzi hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 aya ya 8, anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari yake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tazameni jinsi agizo lilivyo la kawaida! Ni kanuni ya ujenzi, ndani ya Maandiko Matakatifu. Hasemi kwamba atakayeanguka siku yake ilikuwa imefika. Anasema weka ukingo, na anamwambia mwenye nyumba.

Kanisa nalo halikunyamaza. Katekisimu, katika namba 2290, inawahesabia hatia kubwa wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo mkali wanahatarisha usalama wao na wa wengine barabarani, baharini au angani. Na Juni 2007, Baraza la Kipapa la Uchungaji kwa Wahamiaji na Watu Wasio na Makazi Maalumu lilitoa mwongozo mzima wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za madereva, ambayo ya kwanza ni ileile Amri ya Tano tuliyofundishwa katika katekesi. Wakati ule magazeti mengi duniani yalifanya mzaha: Vatikano na magari wapi na wapi? Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, limekadiria vifo vya barabarani kuwa takribani milioni 1.19 kwa mwaka, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko barabara. Mzaha ule umepungua.

Turudi kwetu. Kutoka Makuyuni kupita Mto wa Mbu, kupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu na kufika geti la Loduare, ni lami isiyotimia kilometa 80, iliyojengwa kwa msaada wa Wajapani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wazee wanakumbuka safari zilivyokuwa kabla yake. Barabara hiyo imetuletea hospitali karibu, soko la vitunguu, ajira ya utalii. Imetuletea pia haraka. Kaa saa 11 jioni karibu na Loduare uone magari ya watalii yanavyotoka msituni. Geti lina saa ya kufungwa, kibali kina saa ya kuisha, na kuchelewa kuna gharama. Mgeni wa nyuma anataka kumpiga picha chui mmoja zaidi, kampuni inataka gari lirudi kabla ya muda. Katikati ya hao wote yupo kijana wetu wa Karatu mwenye mke na watoto, ukungu umeshuka kwenye ukingo wa kreta, nyati yuko kando ya barabara, na mguu ni wake peke yake. Akianguka, ripoti itaandika mwendokasi. Zaidi ya hayo, huko juu kuna mabonde ambamo simu hukosa mtandao, na kifaa kinachotegemea mtandao huo hakiwezi kutuma taarifa papo hapo.

Na msidhani tunawanyoshea kidole wengine. Tumewahi, tena zaidi ya mara moja, kuchelewa kwenye ungamo la wagonjwa, tukapanda gari kwenda kigangoni na kumwambia anayetuendesha: “Mwanangu, kanyaga, waamini wanatusubiri.” Anajibu, “Sawa, Baba,” naye anakanyaga. Nani atamjibu paroko wake hapana? Siku moja, kwenye udongo mwekundu wa njia ya Oldeani, gari liligeuka likatazama tulikotoka. Hatukuumia. Tuliadhimisha Misa kwa kuchelewa dakika 40 badala ya 20, na katika nia za Misa hatukumtaja kijana yule, ambaye mikono ilikuwa bado inamtetemeka. Hilo tumekwisha kuliungama, lakini tunadhani si vibaya ninyi pia mlijue.

Kwa hiyo tunasema kanuni za barabarani haziwezi kukamilika kama zinatungwa kwa kumtazama dereva peke yake, na watakaoweza kusema ni nani mwingine alikuwamo ndani ya gari ni sisi abiria na wazazi. Kanuni za usafiri zinapotungwa au kurekebishwa, mamlaka huita wadau watoe maoni. Sheria ileile ya mwaka 2019 iliunda pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, ili mtumiaji awe na pa kusemea. Nauli ikitajwa, kila mmoja wetu ana maoni, hata aliyelala huamka. Usalama ukitajwa, tunawaachia wamiliki wa mabasi na askari wa usalama barabarani. Wamiliki huja wamejiandaa, wanajua gharama ya kila kifaa. Mama wa mtoto anayepanda gari la shule saa 11 alfajiri haji. Majirani zetu wa Kenya walilionja hili: Februari 2004 zilipoanza kanuni za Waziri John Michuki, vidhibiti mwendo vya kilometa 80 na mikanda katika kila kiti, matatu zilitulia kwa muda, kisha vidhibiti vikachezewa na mikanda ikawa mapambo, kwa kuwa abiria mwenyewe aliiona kanuni kama ugomvi wa polisi na dereva. Hata hapa kwetu LATRA imelazimika mara kadhaa kuwaonya na kuwaadhibu wanaochezea VTS. Na ni nani asiyewajua madereva wanaowashiana taa kuonyana kwamba mbele kuna tochi? Sisi tulioketi nyuma hushukuru.

Jumapili iliyopita tulizungumza na Halmashauri ya Walei, na baada yao tukaketi na baadhi ya madereva wa parokia hii. Mmoja, anayeendesha watalii, alituambia: “Baba, tukiandika maoni tutajulikana, na kazi itaisha.” Tumeelewa. Barua itakwenda kwa jina la parokia na saini yetu, bila jina la dereva yeyote. Rasimu ya kwanza inaomba kwamba gari lolote linalobeba wanafunzi, liwe la shule au la kukodi kwa siku moja, lifungwe kifaa, na taarifa zake mzazi aweze kuziona, siyo mwenye gari na ofisi peke yao. Inaomba pia kwamba kosa la mwendo likithibitika, ratiba aliyopewa dereva ichunguzwe na aliyeipanga aitwe, kwa kuwa leo anayelipa faini ni yule asiyeweza kukataa. Kuhusu saa za mageti tumebishana. Wapo waliosema ni jambo la uhifadhi na si letu. Sisi tunaona ni letu, na tumeliacha ndani ya rasimu hadi mtushawishi vinginevyo. Loliondo na Endulen ziko chini ya Jimbo Kuu la Arusha na si Mbulu, lakini tumewaandikia mapadre wenzetu wa huko, kwa maana lori lililokatika breki haliulizi mipaka ya majimbo.

Bodaboda hatujazigusa. Vijana wanaoleta mshikaki hadi mlango wa kanisa tutawazungumzia wiki nyingine, na wazazi wanaopakia watoto hao pia.

Rasimu itakuwa mezani sakristiani Dominika hii baada ya Misa ya kwanza na ya pili. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waichukue, isomwe katika sala ya jumuiya katikati ya wiki, na maoni yaandikwe nyuma ya karatasi kwa Kiswahili chochote. Kusahihisha ni kazi yetu. Asiyejua kuandika amwambie katekista.

Jambo la mwisho ni la kwaya. Gari la kwenda Mbulu mwezi ujao limekwisha kukodiwa. Tumeliona: lina viti 30. Orodha iliyoletwa ofisini ina majina 43, na mwenyekiti anasema watoto watapakatwa. Mwenyekiti, tuonane Jumamosi kabla ya mazoezi. Ama magari yawe mawili, ama sauti ya tatu ibaki nyumbani pamoja na paroko wake.